Hatua Aliyochelewa Desderi

Mtu mmoja alikuwa na mkono mwepesi na miguu mizito. Jina lake Desderi Mlowe, mfanyakazi wa shamba moja la chai huko nyanda za juu, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi na nguo zilizofuliwa Jumatatu huanikwa tena Jumatano. Nawasimulia habari zake nyinyi watu wazima, wala sijawahi kuwasimulia watoto, kwa sababu kosa lake si la kitoto.

Shamba lile lilikuwa na ukumbi wa wafanyakazi, na ukumbini palikuwa na meza moja ya mpira wa meza, ya kijani, iliyopauka kwa kupigwa. Kampuni iliupenda mchezo huo. Iliweka timu ya watu wanne ya kushindana na mashamba mengine, na wachezaji wake walipewa kazi ndani ya kiwanda, penye joto, na nyumba za juu karibu na zahanati, zenye dari na sakafu kavu. Wengine wote walichuma chai kwenye mvua na kuishi kambini, bondeni, ambako kuta hutoa maji. Desderi alikuwa ndani ya timu kwa miaka kumi na mmoja. Mkono wake ndio uliomwingiza. Alisimama kwenye pembe ya kushoto ya meza kama mti uliopandwa pale, akapiga kila mpira uliomfikia, na usiomfikia aliunyooshea mkono. Kwa miaka mingi mkono ulitosha.

Mkewe, Otilia, alikuwa mgonjwa wa kifua. Muuguzi wa zahanati alimwambia Desderi wazi kwamba mwanamke huyo asilale mahali penye unyevu. Kwa hiyo kila alipoiangalia ile nyumba ya juu, Desderi hakuona nyumba. Aliona pumzi za mkewe.

Mwaka mmoja likaja tangazo. Kampuni inapunguza wafanyakazi. Wapimaji wa majani wataondolewa, kwa kuwa inaletwa mizani ya mashine. Timu ya mpira wa meza itabaki na watu wawili tu, na watakaobaki watapatikana kwa mashindano baada ya wiki nne, Jumamosi mchana. Mfanyakazi yeyote aweza kujiandikisha, mwanamume au mwanamke. Atakayeshinda atakuwa na kazi ya ndani na nyumba ya juu.

Siku ile Desderi alikula vijiko vitatu vya ugali akasukuma sahani.

"Si umekuwa ukishinda siku zote, Baba Anyesi?" Otilia akamwambia. Anyesi ni binti yao, aliyekwisha kuolewa mbali. "Hofu ya nini?"

Yeye alijua jambo ambalo mkewe hakulijua. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa miezi mingi vijana walikuwa wamegundua siri yake. Waliupeleka mpira pembe ya kulia, mbali, na mkono ulionyooka ukaanza kukosa. Mara ya kwanza alisema mpira ulikuwa umepasuka. Mara ya pili alisema taa ni hafifu. Mara ya tatu hakusema kitu.

Shambani hapo palikuwa na mpimaji wa majani aitwaye Skolastika Nyagawa. Alikuwa mwanamke mkimya, hajaolewa, analea watoto wawili wa marehemu dada yake. Mchezo huo alijifunza utotoni, kwenye shule ya bweni ya masista. Miaka minane kabla ya tangazo lile alikuwa ameomba kujaribiwa kwenye timu, na nahodha wakati ule alikuwa Desderi. Desderi alimjibu mbele ya watu kwamba timu ikisafiri hulala chumba kimoja, sasa yeye atalala wapi? Watu wakacheka. Skolastika akarudi kwenye mizani yake. Tangu hapo alicheza asubuhi tu, kabla ya king'ora cha kazi, ukumbi ukiwa mtupu, akiupiga mpira ukutani. Wengi hatukujua. Desderi alijua, maana alipita pale kila siku akienda kiwandani, na zaidi ya mara moja alisimama mlangoni akaitazama miguu ile. Haikutulia. Ilienda kulia, ikarudi kati. Ikaenda kushoto, ikarudi kati.

Siku tatu baada ya tangazo, Desderi aliingia mlango ule.

"Kamwene, dada Skola," akamsalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, kaka."

Alisimama akiigeuzageuza kofia yake mikononi. Mwishowe akasema, "Nifundishe kuhama."

Skolastika aliuacha mpira udunde mpaka ukatulia wenyewe sakafuni. "Na mimi nimejiandikisha," akasema. "Unajua?"

"Najua."

"Na bado unaniomba?"

"Sina wa kumwomba mwingine. Mama Anyesi hawezi kulala bondeni, dada. Hawezi."

Yule mwanamke aliinama akauokota mpira. Angeweza kumkumbusha kicheko cha watu, na asingekuwa na kosa. Akasema, "Weka raketi chini. Leo huihitaji."

Wakaanza. Alimchorea alama ya chaki sakafuni, nyuma ya meza, katikati. Akamwambia akunje magoti kidogo, kisigino kisilale, uzito ukae mbele ya nyayo. Kisha akawa anampelekea mipira kulia na kushoto, na kazi ya Desderi ilikuwa kuidaka kwa mikono miwili, mbele ya kitovu, bila kunyoosha mkono hata mara moja. Mpira ukifika ubavuni mwake, unahesabiwa kuwa ameukosa. Akidaka, arudi kwenye chaki kabla hajautazama alioudaka.

Mtu mzima anadaka vipira kama anacheza na mtoto. Wachumaji waliopita dirishani walimcheka. Jioni misuli ya mapaja ilimtetemeka hata akashindwa kuchuchumaa. Lakini kulipokucha alirudi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kikohozi, na kikohozi kile kilimwamsha kuliko king'ora.

Wiki ya pili alipewa raketi, na hapo likatokea jambo jingine. Miguu iliyokuwa mizito ikawa na wasiwasi. Skolastika alipoinua mkono tu, Desderi alikuwa amekwisha kuruka kulia. Na mpira ukaja kushoto, pale pale alipotoka. Akisema nitasubiri kushoto, ukaja kulia. Alihema, jasho likamtoka kwenye baridi ile, akaanza kuitukana miguu yake.

"Unakimbilia mpira ambao bado haujapigwa," Skolastika akamwambia.

"Nikingoja nachelewa!"

"Ulikuwa unachelewa kwa uvivu. Sasa unakosa kwa woga. Vyote viwili ni kukosa, kaka. Tazama raketi yangu. Ikiugusa mpira, ondoka. Isipougusa, usiondoke. Basi."

Ilimchukua siku tisa kulipata hilo. Asubuhi moja, bila kujua, aliondoka kwa wakati. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukafuata, akafika, mpira ukapanda mbele yake mpaka mwisho wa kupanda kwake, akaupiga bila kunyoosha chochote. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Alicheka kwa sauti ukumbini, kisha akaona aibu.

Ndipo akauliza swali lililomsumbua. "Dada, kwa nini unanifundisha, nawe unaitaka nafasi hiyo hiyo?"

Skolastika alikuwa akifunga viatu vyake vya mvua. "Nikimshinda mtu asiyejua kusimama," akasema, "nitajuaje kama nimeshinda?" Akaenda kwenye mizani yake, ambayo ilibakiwa na siku chache.

Jumamosi ikafika. Waliojiandikisha walikuwa kumi na sita. Mwamuzi nilikuwa mimi. Wakati huo nilifundisha shule ya msingi ya pale shambani, na watu waliniamini kwa kuwa sikuwa na ndugu kwenye timu. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na kijana wa karakana ambaye hakuna aliyemgusa. Nafasi ya pili, mchana ukielekea saa tisa, ikabaki kati ya watu wawili, na watu hao walikuwa Desderi na Skolastika.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Otilia alikaa benchi la mbele, amejifunika shuka mbili, leso mdomoni ili kikohozi kisimsumbue mumewe. Upande wa pili walikaa wale watoto wawili wa marehemu, wameshikana mikono. Nilikiona kila kitu kutoka kwenye kiti changu kando ya wavu, nikajua kwamba jioni ile nyumba moja italia.

Walicheza seti nne wakagawana mbili kwa mbili. Ya tano ndiyo ya kuamua. Ndugu zangu, sijaona mchezo wa namna ile tena. Mwanafunzi alikuwa na mkono aliozaliwa nao na miguu aliyofundishwa. Mwalimu alijua kila hatua aliyomfundisha. Hakuna aliyeongoza kwa pointi zaidi ya mbili. Watu waliacha kushangilia, kila mpira ukasikika peke yake. Skolastika akafika kumi, Desderi tisa. Seti huisha kwa kumi na moja, na mshindi lazima azidi kwa mbili, kwa hiyo pointi moja tu ilibaki.

Skolastika aliupeleka mpira kule kule wote walikokuwa wakiupeleka, pembe ya kulia, mbali. Desderi aliondoka raketi ya Skolastika ilipougusa, si kabla wala si baadaye. Alifika. Alifika vizuri kabisa, kifua kikiitazama pembe ile, jicho lake hatua moja kutoka mezani. Na kwa kuwa alifika, aliona. Mpira ulishuka ukagusa ukingo wa juu wa meza, kwa unywele tu, tik, ukapinda kidogo, ukapita chini ya raketi yake.

Sheria ya mchezo ni kwamba ukingo wa juu ni meza. Mpira ukiugusa, ni halali. Pointi ilikuwa ya Skolastika, na mchezo ulikuwa umekwisha.

Mimi sikuona. Mwili wake ulikuwa kati yangu na ile pembe. Nilichoona ni mpira kupita nje ya meza na kuangukia sakafuni. Zamani, Desderi wa miguu mizito angekuwa mbali, naye asingeona. Miguu ile ile iliyomwokoa ndiyo iliyomfikisha mahali pa kujua.

Nikamtazama, kama desturi ilivyo pale kwetu, kwamba kwenye shaka mchezaji aliye karibu ndiye husema. Aliinama kuuokota mpira. Akabaki ameinama muda mrefu kuliko mpira ulivyohitaji. Alipoinuka uso wake ulikuwa wa kijivu. Nililiona hilo. Nasema mbele yenu leo: nililiona, na sikumuuliza. Nilijiambia amechoka. Nikanyanyua mkono nikatangaza, "Nje. Kumi kwa kumi."

Baadaye sana aliniambia yaliyopita moyoni mwake. Alisema alikusudia kusema. Alikuwa anavuta pumzi tu aseme, na kabla pumzi haijatosha nikawa nimetangaza. Akasema basi, nitasema kabla ya mpira unaofuata. Ukaanzishwa. Nitasema baada ya huu. Akaushinda. Otilia akakohoa mara moja kwenye benchi, na mpira uliofuata akaushinda pia. Kumi na mbili kwa kumi. Watu wakamwinua juu.

Skolastika alizunguka meza akampa mkono. Aliushika mkono ule kitambo kidogo zaidi ya desturi, akimtazama machoni, kama mtu anayesikiliza. Kisha akauachia. Akawachukua wale watoto wakatoka.

Jumapili Desderi alikwenda kanisani akakaa nyuma. Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina lake likiwamo. Aliona watu wakiisoma, akapita njia ya nyuma. Jumanne alikutana na Skolastika njiani, akafungua mdomo, akamuuliza habari za watoto. "Wazima," akajibiwa. Jumatano mvua kubwa ilinyesha mchana kutwa. Otilia alikaa kwenye sakafu kavu, chini ya dari, akapumua vizuri kuliko alivyopumua mwaka mzima, na mumewe hakuweza kukaa chumba kimoja na pumzi zile. Alitoka akasimama barazani. Akarudi. Akatoka tena.

"Baba Anyesi," mkewe akamwita, "nani amekufa?"

Hapo akamwambia. Otilia alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alizikunja shuka zake mbili akaziweka mapajani.

"Nenda kaseme," akasema.

"Na kifua chako?"

"Kifua ni changu. Usikitumie." Kisha, kwa sauti ya chini, "Jumamosi ungepoteza nyumba tu. Leo utapoteza nyumba na heshima. Ukingoja kesho, mume wangu, sijui utapoteza nini."

Na bado akangoja. Alisema atakwenda Alhamisi baada ya kazi. Alhamisi baada ya kazi akasikia ofisa utumishi ana wageni. Ijumaa asubuhi ndipo alipokuja kwangu shuleni, akanisimamisha nje ya darasa, akaniambia. Tulikwenda ofisini wote wawili, mimi nikitangulia kwa haraka, kana kwamba haraka ya Ijumaa ingeweza kuifikia Jumamosi.

Ofisa utumishi alitusikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. "Mlowe," akasema, "ungesema pale pale mezani. Orodha imesainiwa, imekwenda makao makuu. Wapimaji waliondoka jana na lori. Mimi sina nafasi ya kutoa wala ya kurudisha."

Desderi hakurudi kazini siku ile. Alipanda basi akaenda kumtafuta Skolastika kwa wajomba zake, safari ya saa mbili, njia nzima akipanga maneno. Alimkuta shambani, kwenye mtelemko, anachimba viazi vya watu. Wale watoto walikuwa wakifuata nyuma yake wakiokota, nao ilikuwa saa za shule. Alipowaona, maneno yote aliyopanga yakamtoka.

"Dada Skola. Ule mpira. Uligusa."

Skolastika aliegemea jembe. "Najua. Niliusikia."

"Uliusikia? Mbona hukusema?"

"Mimi nilikuwa mbali," akasema yule mwanamke. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu nao. Nilikuwa nakungoja."

Akainama akaendelea kuchimba. Hakumtukana, wala hakumfukuza. Desderi alisimama ukingoni mwa lile shamba mpaka basi la kurudi lilipopiga honi barabarani.

Yaliyofuata ni machache. Alipofika nyumbani, Otilia alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Walishuka bondeni wenyewe, bila kuamriwa, na yeye akaiacha timu akashika kikapu cha kuchumia. Tuliandika barua makao makuu, mimi na yeye, kumwombea Skolastika nafasi ile, tukaandika tena. Haikujibiwa hata moja. Otilia alikohoa masika yote. Mara mbili tulimbeba usiku kumpeleka zahanati, na mara ya pili hatukutegemea kurudi naye. Mungu akamwachia uhai. Ile nyumba ya juu haikupewa mtu, kwa kuwa jina lililoandikwa lilikuwa limeondoka na jina jingine halikuwapo kwenye orodha. Ilikaa na kufuli misimu miwili, kavu, dari yake nzima, wala haikumfaa Desderi, wala Skolastika, wala wale watoto.

Watu husema alau alisema ukweli. Ni kweli, alisema, nami namheshimu kwa hilo, maana wapo wasiosema kabisa. Lakini mimi niliyekaa kando ya wavu naulaumu mdomo wangu kuliko wake. Yeye aliogopa kwa ajili ya pumzi za mkewe. Mimi niliogopa nini? Neno moja lingetosha: "Desderi, umeona?" Nadhani angelijibu. Nadhani alikuwa ameinama pale chini akilisubiri.

Basi nawauliza nyinyi mnaonisikiliza. Wewe uliye karibu, uliyeona kwa macho yako lililowapita wengine, unangoja uulizwe na nani?